Uchambuzi wa Maandishi Yasiyo ya Fasihi katika Mitihani ya Kiingereza

Iko kazi moja katika mitihani ya lugha ya Kiingereza ambayo kwa kutazamwa ni nyepesi, na kwa kutendwa huwashinda wengi. Mtahiniwa hupewa karatasi yenye maandishi ambayo hajapata kuyaona: pengine ni tangazo la biashara, pengine barua iliyochapishwa gazetini, au hotuba, au tahariri, au kijitabu cha kuwaongoza wasafiri, au kikatuni chenye maneno machache chini yake. Haulizwi habari iliyomo ni nini, wala haulizwi kama anakubaliana nayo. Hutakiwa aonyeshe jinsi maandishi hayo yalivyoundwa hata yakaweza kufanya kazi yake kwa msomaji aliyekusudiwa.

Maneno ya karatasi hiyo kwa kawaida si magumu. Aliyetunga tangazo alitaka lieleweke na mpita njia, na mwandishi wa tahariri hakuwaandikia wanazuoni peke yao. Ugumu hauko katika kuelewa, bali uko katika kuona. Shairi hujitangaza kuwa ni shairi. Mistari yake, vina vyake na uteuzi wa maneno yake humwonya msomaji kwamba hapa pana usanii. Tangazo la sabuni hupita mbele ya macho kana kwamba limejiandika lenyewe. Maandishi ya namna hii hufanya kazi yake vizuri zaidi pale ambapo msomaji hatambui kwamba kuna kazi inayofanywa.

Makala haya yakusudia kueleza chanzo cha zoezi hili, namna linavyotahiniwa, na kosa kubwa linalowapokonya watahiniwa alama zao. Kosa hilo ni kudhani kwamba kutaja jina la kitu ni sawa na kukieleza. Litaonyeshwa kwa mifano miwili ya maandishi mashuhuri, na mwisho litapimwa kwa hali ya mafunzo ya Kiswahili, ambako kosa lilo hilo halikosekani.

Chanzo cha zoezi

Mwaka 1929 I. A. Richards, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alichapisha kitabu kiitwacho Practical Criticism. Alikuwa amewagawia wanafunzi wake mashairi yasiyokuwa na jina la mtunzi wala tarehe, akawataka waandike maoni yao kwa uhuru. Kisha akayakusanya maoni hayo na kuyachambua mmoja mmoja. Yaliyoonekana hayakuwa ya kujivunia. Vijana waliolelewa katika elimu ya juu walishindwa mara nyingi kufahamu hata maana ya wazi ya shairi lililokuwa mbele yao. Baadhi yao walisifu kile walichozoea kusifiwa, na baadhi walidharau kile walichofundishwa kudharau. Fundisho lililotoka humo ni kwamba kusoma kwa makini ni ustadi unaopasa kufundishwa, wala haupatikani kwa kuyajua majina ya watunzi wakubwa.

Mwaka 1933 F. R. Leavis na Denys Thompson walitoa kitabu Culture and Environment, kilichokusudiwa zaidi kwa matumizi ya shule. Wao walilichukua jicho lile lile lililofunzwa kwa mashairi, wakalielekeza kwenye matangazo ya biashara, magazeti na vitabu vya kuuzwa kwa wingi. Nia yao ilikuwa kumkinga mwanafunzi. Waliyaona matangazo kama ugonjwa unaoharibu lugha na hisia za watu, na kwa hiyo kijana hana budi kupewa dawa mapema.

Mtazamo wa namna nyingine ulitoka kwa wanaisimu. Mwaka 1964 M. A. K. Halliday, Angus McIntosh na Peter Strevens walichapisha kitabu juu ya sayansi za lugha na ufundishaji wa lugha, nao wakaeleza kwamba lugha hubadilika si kwa msemaji tu, bali pia kwa matumizi. Panapobadilika jambo linalozungumzwa, uhusiano wa wazungumzao, au njia ya mazungumzo, maneno na miundo nayo hubadilika. Kwa mtazamo huo tangazo si ugonjwa. Ni namna moja ya matumizi ya lugha yenye kanuni zake, kama ilivyo hati ya mkataba, au taarifa ya hali ya hewa, au mahubiri.

Mitihani ya leo imerithi pande zote mbili. Kutoka kwa wahakiki imerithi shuku: mwanafunzi ajiulize anafanywa nini na maandishi. Kutoka kwa wanaisimu imerithi maelezo: mwanafunzi aonyeshe ni miundo gani ya lugha inayofanya hivyo. Mwenye shuku bila maelezo hulalamika tu. Mwenye maelezo bila shuku huorodhesha tu. Jibu jema huviunganisha viwili hivyo.

Namna linavyotahiniwa

Shirika la International Baccalaureate, lililoanzishwa Geneva mwaka 1968, lina somo la lugha na fasihi katika mtaala wake wa diploma. Katika utaratibu ulioanza kutahiniwa mwaka 2021, karatasi ya kwanza ya somo hilo huwa na maandishi mawili yasiyo ya fasihi, ya aina mbili tofauti, na kila andiko hufuatwa na swali elekezi. Mtahiniwa wa daraja la kawaida huchagua andiko moja, naye hupewa saa 1 na dakika 15. Wa daraja la juu hujibu yote mawili kwa saa 2 na dakika 15. Kila jibu lina alama 20, zilizogawanywa sawasawa kwa vigezo vinne, yaani alama 5 kwa kila kimoja: ufahamu na ufasiri, uchambuzi na tathmini, mpango wa hoja, na lugha ya mtahiniwa mwenyewe.

Nchini Uingereza, mtihani wa GCSE wa lugha ya Kiingereza uliotungwa na bodi ya AQA, ambao ulianza kufanywa mwaka 2017, una karatasi ya pili ambayo haina hadithi ya kubuni. Mtahiniwa hupewa maandishi mawili yanayohusiana, moja la karne ya 19 na jingine la karne ya 20 au ya 21, na swali zito la upande wa kusoma humtaka alinganishe jinsi waandishi wawili wanavyotoa mitazamo yao juu ya jambo moja.

Nchini Marekani, mtihani wa lugha ya Kiingereza katika mpango wa Advanced Placement hudai insha tatu, na moja kati yake ni uchambuzi wa balagha ya andiko lisilo la kubuni. Kwa kanuni za usahihishaji zilizoanza kutumika mwaka 2020, insha hiyo ina alama 6: alama 1 kwa dai lililo wazi, 4 kwa ushahidi na maelezo yake, na 1 kwa upevu wa hoja. Mgawanyo huu wafaa kutazamwa vizuri. Theluthi mbili za alama zote zimewekwa mahali pamoja, napo ni pale ushahidi unapounganishwa na maelezo. Mtahiniwa anayetaja tamathali kumi bila kueleza hata moja ameleta bidhaa bila bei.

Mitihani hii mitatu yatofautiana kwa urefu, kwa umri wa watahiniwa na kwa idadi ya maandishi. Lakini kiini chake ni kimoja. Kila mmoja hutaka kujua kama mtahiniwa aweza kutoka kwenye swali la kwanza, yaani kuna nini hapa, na kufika kwenye swali la pili, yaani kilichopo hapa chafanya kazi gani.

Aina ya maandishi ni mapatano

Katika vitabu vingi vya kuwasaidia watahiniwa mna orodha za aina za maandishi pamoja na sifa zake. Husemwa kwamba tangazo lina vitenzi vya kuamrisha, sentensi fupi na picha. Kwamba hotuba ina takriri na maswali yasiyotaka jibu. Kwamba barua ina anwani, tarehe na salamu. Orodha hizo si za uongo, ila hatari yake ni kumfanya mtahiniwa adhani kwamba aina ya maandishi ni kibandiko cha kubandikwa juu ya andiko, na kwamba kazi imekwisha kibandiko kinapokaa mahali pake.

Aina ya maandishi ni mapatano kati ya anayeandika na anayesoma. Mtu anayefungua barua anatazamia mambo fulani: atatajwa jina, ataamkiwa, ataelezwa sababu ya kuandikiwa, atapelekewa salamu za mwisho. Mwandishi ajua kwamba msomaji anatazamia hivyo. Kwa hiyo kila mara anapoyatimiza mapatano anasema jambo, na kila mara anapoyavunja anasema jambo jingine, mara nyingi zito zaidi. Sifa ya andiko haina maana peke yake. Maana yake hutokea katika uhusiano wake na yale msomaji aliyoyatazamia.

Bango moja la Uingereza laweza kulithibitisha neno hili. Mwaka 1939, vita ilipokuwa ikikaribia, serikali ya Uingereza ilitayarisha mabango matatu ya kuwaimarisha raia. La tatu lilikuwa na maneno matano, Keep Calm and Carry On, yaani tulieni na kuendelea na kazi. Maneno hayo yaliandikwa kwa herufi kubwa nyeupe juu ya uwanja mwekundu, na juu yake palichorwa taji la mfalme. Hapakuwa na picha ya mtu, wala sababu, wala alama ya mshangao. Nakala karibu milioni 2.5 zilichapwa, lakini ziliwekwa akiba kwa siku za hatari kubwa, na nyingi ziliharibiwa bila kubandikwa. Mwaka 2000 nakala moja ilionekana katika duka la vitabu vya zamani mjini Alnwick, kaskazini mwa Uingereza. Wenye duka waliitundika ukutani, wateja wakaipenda, na baada ya miaka michache maneno yale yalikuwa juu ya vikombe, fulana na vitambaa duniani kote.

Mtahiniwa akipewa bango hili, kwa kawaida ataandika kwamba limetumia vitenzi vya kuamrisha ili kumshawishi msomaji. Neno hilo ni kweli kwa bango la mwaka 1939, na ni kweli kwa kikombe cha leo; kwa hiyo halielezi hata kimoja. Katika bango la mwaka 1939 msemaji ni dola, nayo yasema kwa jina la mfalme, ambaye taji lake limekaa juu ya maneno kama muhuri juu ya hati. Msikilizaji ni raia anayetazamia mabomu juu ya nyumba yake. Amri imetolewa bila sababu kwa kuwa sababu yajulikana na wote, na kuitaja kungeongeza hofu. Herufi zimelingana, hapana neno lililopigiwa kelele, kwa kuwa anayewataka wengine watulie hawezi kupiga makelele. Umbo la bango latenda jambo lile lile ambalo maneno yake yaamuru.

Katika kikombe maneno hayakubadilika hata herufi moja. Lakini dola imeondoka. Msemaji sasa ni mwenye kikombe, msikilizaji ni yeye mwenyewe au mwenziwe wa kazini, na hatari si mabomu bali ni barua nyingi za ofisini zinazongoja majibu. Taji, ambalo lilikuwa alama ya mamlaka, limekuwa alama ya ukale unaochekesha kidogo. Amri imegeuka mzaha wa upole. Ikiwa vitenzi vile vile, rangi zile zile na taji lile lile vyaweza kutenda kazi mbili zilizo mbali namna hii, basi ni dhahiri kwamba maana haikuwa katika vitenzi peke yake. Ilikuwa katika jibu la swali hili: nani amwambia nani, lini, na kwa kusudi gani.

Ndiyo sababu mstari mdogo unaochapwa pamoja na maandishi ya mtihani, unaotaja mahali yalipotoka na mwaka wake, ni mstari wenye thamani kuliko wowote. Nao ndio mstari ambao watahiniwa wengi huuruka.

Hesabu ndani ya barua

Mfano wa pili ni barua ambayo hutumiwa mara nyingi katika madarasa ya uchambuzi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikwisha mwaka 1865. Kanali P. H. Anderson wa Tennessee alimwandikia Jourdon Anderson, aliyekuwa mtumwa wake, akimtaka arudi kumfanyia kazi. Jourdon Anderson alikuwa amekwisha hamia Dayton, Ohio, pamoja na mkewe na watoto wao. Jibu lake la tarehe 7 Agosti 1865, alilolitamka na mwingine akaliandika, lilichapishwa magazetini mwezi huo huo.

Kwa umbo ni barua ya heshima. Ina mahali na tarehe, ina anwani ya bwana wa zamani, nayo yaanza kwa furaha ya kuona kwamba kanali hakumsahau. Mwandishi aeleza hali yake: apata dola 25 kwa mwezi pamoja na chakula na nguo, na watoto wake wasoma shule. Kuhusu mkewe, ambaye kanali alimjua kwa jina la Mandy tu, aongeza kana kwamba ni jambo dogo kwamba huko waliko watu humwita Bibi Anderson. Baada ya hayo asema kwamba ili kuupima ukweli wa ahadi za kanali, wameamua kumwomba awalipe kwanza ujira wa miaka waliyomtumikia. Yeye alitumika miaka 32, na mkewe miaka 20. Kwa dola 25 kwa mwezi kwa upande wake, na dola 2 kwa juma kwa upande wa mkewe, jumla ni dola 11,680. Kanali aongeze faida ya muda wote ujira huo ulipozuiwa, kisha aondoe gharama za nguo walizopewa, mara tatu alizotibiwa mwandishi na daktari, na jino moja la Mandy lililong'olewa.

Mtahiniwa mmoja aweza kuandika hivi: mwandishi ametumia kinaya na takwimu ili kumshawishi msomaji, na matumizi ya takwimu yaifanya hoja yake iaminike. Hakuna kosa la sarufi hapo, wala hakuna uongo. Lakini sentensi hiyo yaweza kubandikwa juu ya tangazo la dawa ya meno bila kubadilishwa neno.

Mtahiniwa wa pili aweza kuandika hivi: ndani ya barua ya mtumishi kwa bwana wake mwandishi ameingiza ankara, yaani aina nyingine ya maandishi yenye mapatano yake. Ankara huandikwa kati ya watu wawili walio sawa mbele ya sheria, mmoja akiwa mdai na mwingine mdaiwa. Mtumwa kwa sheria ya zamani hakuwa na ujira, kwa hiyo hakuweza kudai. Kwa kuandika ankara tu, hata kabla jumla haijatajwa, mwandishi amekwisha kusema kwamba hakuwa mali ya mtu, bali alikuwa mfanyakazi aliyedhulumiwa. Naye anapokubali kuondoa gharama ya jino moja, uaminifu wake katika jambo dogo unalifanya deni la upande wa pili lionekane kubwa zaidi.

Jibu la pili halina istilahi nyingi kuliko la kwanza. Huenda lina chache. Tofauti ni kwamba limeonyesha mapatano, likaonyesha mahali yalipochezewa, na likaonyesha matokeo.

Yako mambo mengine mawili ya kutazamwa katika barua hiyo. Kwanza, ina wasomaji wawili. Kanali ndiye anayetajwa kwenye anwani, lakini barua ilichapishwa, na wasomaji wa magazeti ya kaskazini ndio walioisoma kwa maelfu. Upole ule kwa msomaji wa kwanza ni heshima. Kwa msomaji wa pili ni shtaka, kwa kuwa asikia kila neno ambalo kanali angependa lisisikike. Hasa asikia pale mwandishi anapouliza kama huko Tennessee binti zake waliokua watakuwa salama, akikumbusha kwa majina yaliyowapata wasichana wengine, na kusema kwamba ni heri afe kwa njaa alipo kuliko kuwaona binti zake wakitendewa jeuri na vijana wa mabwana. Hapo mzaha wote umenyamaza, na msomaji atambua kwamba mzaha ulikuwa umevaliwa kama nguo.

La pili ni mwisho wake. Mahali ambapo desturi ya barua huweka salamu kwa jamaa na marafiki, mwandishi atuma salamu kwa mtu mmoja na kumshukuru kwa kumnyang'anya kanali bastola siku alipokuwa akimpiga risasi yeye. Mapatano yametimizwa kikamilifu: salamu imetumwa, shukrani zimetolewa. Na kwa kutimizwa huko, yale yote ambayo salamu za heri hujifanya kuyasahau yamewekwa mezani. Hakuna tusi lililotumika tangu mwanzo wa barua hata mwisho.

Jambo linalowahusu wazungumzaji wa Kiswahili

Mtahiniwa ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kiswahili ana nafasi njema kuliko anavyofikiri, kwa sababu huona katika Kiingereza mambo ambayo mwenye lugha hapati sababu ya kuyaona. Nafsi ya pili ni mfano mzuri. Kiingereza cha leo kina neno moja, you, kwa mtu mmoja na kwa wengi. Matangazo hulitumia sana. Bango la kuandikisha askari lililotokana na picha ya Lord Kitchener, aliyoichora Alfred Leete mwaka 1914, lamwonyesha mkuu huyo wa vita akinyosha kidole kwa atazamaye, na maneno yake yamjia kila apitaye kana kwamba ni yeye peke yake aliyeitwa, ijapokuwa bango liliwakusudia maelfu. Anayelifasiri kwa Kiswahili hana budi kuchagua kati ya wewe na ninyi. Akichagua wewe apoteza umati, na akichagua ninyi apoteza kidole. Mwanafunzi aliyejaribu kulifasiri bango hilo atakuwa ameelewa, bila istilahi yoyote, kwamba nguvu ya tangazo la Kiingereza hutoka kwenye pengo la sarufi ya lugha hiyo.

Kwa upande mwingine, kauli ya kutendwa hufanya kazi ile ile katika lugha zote mbili. Ilani inayosema kwamba abiria wanaombwa kuonyesha tiketi zao humficha anayeomba, na ombi lake huwa amri isiyo na mwenyewe. Kutazama mahali ambapo lugha mbili zafanana na mahali ambapo zaachana ni mazoezi bora kuliko kukariri orodha.

Lakini katika mitihani ya Kiswahili chenyewe kazi hii bado ina nafasi ndogo. Katika mtihani wa KCSE nchini Kenya maandishi yasiyo ya fasihi huingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni insha za kiuamilifu, ambapo mtahiniwa huandika mwenyewe barua rasmi, hotuba, kumbukumbu za mkutano au tangazo, naye hutazamwa kama amefuata umbo. Mlango wa pili ni sehemu ya isimujamii katika karatasi ya pili, yenye alama 10 kati ya 80, ambapo mara nyingi hupewa mazungumzo mafupi, akatakiwa kuitambua sajili na kutaja sifa zake. Milango hii ni ya lazima. Asiyejua umbo la barua hawezi kuona umbo hilo lilipochezewa, na asiyetambua sajili ya hospitali hawezi kuona imehamishwa kwenda kwenye soko. Ila yote miwili yaishia kwenye kutaja. Mtahiniwa husema kwamba kuna kuchanganya ndimi, kuna msamiati maalumu, kuna sentensi fupi. Naye huhesabiwa alama moja moja. Ni nadra kuulizwa kuchanganya ndimi huko kumemfanya nani awe mkubwa na nani awe mdogo katika mazungumzo yale.

Wala jambo hili si geni kwa watu wa pwani. Mwanamke anayenunua kanga hulisoma jina lake, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, kabla hajapima maua. Ajua kwamba jina lile lile likitoka kwa mume kwa mkewe ni neno la mapenzi, likivaliwa mbele ya jirani waliyekosana ni kijembe, na mama akipewa na bintiye ni shukrani. Ajua pia kwamba mvaaji akiulizwa aweza kukana, kwa kuwa maneno si yake, ni ya kanga. Huyo amekwisha kuuliza nani, kwa nani, lini, na kwa kusudi gani. Naye ametambua kwamba aina ya maandishi humpa msemaji kinga ambayo mazungumzo ya mdomo hayampi. Ni uchambuzi uliokamilika, ambao haujapata karatasi ya mtihani.

Namna ya kuifanya kazi

Kutokana na yaliyotangulia utaratibu wa kufaa wajitokeza wenyewe. Mtahiniwa aanze na mstari wa chini, ajue andiko limetoka wapi na lini. Ajiulize nani asema na nani asikia, na kama yuko msikilizaji wa pili aliyejificha nyuma ya wa kwanza. Akumbuke ni mambo gani ambayo msomaji wa aina hiyo ya maandishi huyatazamia, kisha atafute mahali mawili au matatu ambapo matazamio hayo yametimizwa kwa namna ya pekee au yamevunjwa. Atazame pia vitu visivyokuwa maneno: ukubwa wa herufi, nafasi iliyoachwa wazi, picha iliyowekwa juu au chini, na jicho linaanzia wapi kusoma. Alilinganishe lote na swali elekezi, ili asijibu swali alilolizoea badala ya lile aliloulizwa.

Anapoandika, asipange aya zake kwa majina ya tamathali, aya moja ya sitiari na nyingine ya takriri, bali azipange kwa kazi zinazotendwa na andiko. Kila anapotaja sifa ajipime kwa jaribio moja rahisi: je, sentensi hii yaweza kuhamishiwa kwenye andiko jingine bila kubadilishwa neno? Ikiwa yaweza, bado haijasema kitu juu ya andiko lililo mbele yake.

Mwalimu naye ana jaribio lake. Baada ya miezi ya mafunzo, amwekee mwanafunzi andiko ambalo aina yake haimo katika orodha yoyote: risiti, fomu ya hospitali, tangazo la kifo, maandishi ya ubavuni mwa basi. Mwanafunzi aliyefundishwa vibandiko atanyamaza, kwa kuwa hana cha kubandika. Aliyefundishwa kuuliza atauliza, naye hatamaliza kuisoma fomu ile kabla hajagundua kwamba mtu aliyeitunga alikwisha kuamua majibu gani yawe na nafasi na majibu gani yasiwe nayo. Ujuzi huo hauishii penye chumba cha mtihani. Fomu kama hiyo atapewa siku moja aijaze yeye mwenyewe.